Diski ya Pili ya Fundi Kisigino

Wateja walimwita Fundi Kisigino, na jina hilo lilimkaa kuliko hata lile alilopewa na wazazi wake. Alitengeneza viatu vya watu ambao miguu yao haikulingana. Mmoja alikuja na mguu wa kulia mfupi, mwingine na unyayo uliopinda, mwingine na kifundo kilichokakamaa baada ya ajali. Viatu vya dukani havikuwafaa. Walitoka hospitali na karatasi ya daktari, wakaingia kwenye karakana yake yenye mlango wa buluu, wakavua viatu, naye akapiga magoti sakafuni kuwachora unyayo juu ya kadibodi.

"Mimi watu nawafahamu kuanzia chini," alipenda kusema, na mkewe pale kwenye kona alikuwa akiguna tu.

Kazi hiyo waliifanya wawili kwa miaka ishirini na miwili. Mume alikata ngozi, akabandika soli na kuchonga vipande vya kuinulia kisigino. Mke alikaa kwenye kompyuta na kuingiza vipimo. Programu waliyotumia ilitengenezwa na kaka yake mke, kabla hajahamia ng'ambo. Ilikuwa na sehemu ya jina, urefu wa kila mguu, upana, kimo cha kisigino, na chini kabisa sehemu tupu iliyoandikwa "Mengineyo". Huko kwenye Mengineyo mume hakuwahi kuchungulia. Vipimo alikuwa navyo kichwani, au ndivyo alivyojigamba.

Mwaka juzi mkewe aliugua, na katika wiki sita akawa amekwenda. Matanga yalipoisha na ndugu kutawanyika, fundi alirudi karakanani, akakikalia kile kiti cha kona kwa mara ya kwanza. Mteja wa zamani alikuwa anakuja, na vipimo havikuwemo kichwani kama alivyodhani. Akafungua programu, akakuta vipimo, na chini yake maneno: "Asiulizwe habari za ajali. Ongea naye mpira."

Akafungua mwingine. "Bibi huyu anasikia sikio la kulia tu. Kaa upande huo." Na mwingine: "Anaogopa kuguswa kidole gumba. Mwambie kabla hujagusa." Na mwingine tena: "Mtoto anataka vyekundu, mama anataka vyeusi. Tengeneza vyekundu. Mama niachie mimi."

Fundi alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko. Sasa alielewa. Miaka yote ile, mteja alipobisha hodi, mkewe alikuwa akimtupia neno moja mawili kwa sauti ya chini, "huyu mpira", "huyu sikio la kulia", naye akayachukulia kama porojo za mke na mume. Kumbe sifa zote alizopewa mjini, kwamba fundi yule ana moyo, anamjua mtu, nusu yake ilikuwa imekaa pale konani ikichapa.

Tangu siku hiyo akawa anaiwasha kompyuta hata akiwa hana kazi.

Taabu ilianza hospitali ilipoacha kutoa karatasi. Oda zote za viatu, barua ilisema, zingetumwa kwenye tovuti, na mafundi wangezipokea na kuzijibu humo humo. Fundi alijaribu. Kompyuta ilifikiri, ikafikiri, ikamletea ukurasa mweupe usio na hata nukta. Simu yake nayo ilikuwa ya kupigia na kupokelea tu. Akaibeba mashine hadi duka la kompyuta.

Mwenye duka aliitazama kama mtu anayeoneshwa gari la babu yake.

"Mzee, hii ni ya enzi hizo. Mfumo wake umeshaachwa, hakuna tovuti itakayoukubali. Nifute kila kitu nikuwekee mpya?"

"Na vilivyomo?"

"Mafaili nitakunakilia. Ila hiyo programu yako haitafunguka kwenye mfumo mpya. Yatabaki alama alama zisizosomeka."

"Basi usifute."

"Sasa unataka nikufanyie nini?"

Fundi aliikumbatia kompyuta yake, akarudi nayo. Kwa miezi miwili iliyofuata alikwenda hospitali kwa miguu kila Jumatatu kumwomba mtaalamu wa mazoezi ya viungo amchapishie oda. Mama yule alimsaidia kwa hisani yake, lakini naye alikuwa na wakubwa. Mwishowe akamwambia kwa upole, "Baba, mwisho wa mwezi huu sitaweza tena. Nitalazimika kuwapa wengine."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Njiani alijisemea kwamba hana budi kuacha kimoja: ama kazi, ama yale maneno. Wiki nzima hakuweza kuchagua.

Aliyemkuta katika hali hiyo alikuwa mteja wake wa siku nyingi, mwanamke aliyefundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, ambaye watu wa mtaani walimwita Mwalimu. Mguu wake wa kushoto ulipungua sentimita nne, na tangu akiwa na miaka saba hakuwahi kuvaa kiatu kisichotoka katika karakana ile. Siku hiyo alileta jozi ibadilishwe soli. Akamkuta fundi ameketi mbele ya skrini, mikono mapajani.

"Baba, kuna nini? Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza, akainama kulitazama boksi la kompyuta kwa nyuma, akainuka.

"Nani amekuambia lazima ufute?"

"Mwenye duka. Mtu aliyesomea."

"Amesomea nusu. Humu mna nafasi ya diski ya pili. Hii ya zamani tunaiacha kama ilivyo na mfumo wake na programu yako. Tunaongeza nyingine, tunaiwekea mfumo mpya, mwepesi, wa bure. Ukiwasha unachagua unaingia wapi leo."

"Na hazitagombana?"

"Kila moja na chumba chake. Zigombanie nini?"

Jumamosi asubuhi Mwalimu alirudi na diski iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu ya chuo, kwa ruhusa ya mkuu wake, pamoja na flashi mbili, moja ikiwa na mfumo mpya, na waya kadhaa. Kwanza alinakili vyote vya kwenye diski ya zamani kwenye ile flashi tupu. "Hii ukaiweke mbali na hapa," alisema. "Nyumbani, kabatini, popote." Kisha akazima, akachomoa waya wa ukutani, wakafungua boksi kwa bisibisi. Vumbi lililokuwemo lingetosha kupanda mchicha. Fundi alileta brashi laini ya kung'arishia viatu, wakalipangusa taratibu, huku wakipiga chafya kwa zamu.

Mwalimu alichomoa waya za diski ya zamani.

Fundi alishtuka. "Hiyo si ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo. Ndiyo maana naichomoa. Tukifika mbele, kompyuta itaniuliza niweke mfumo kwenye diski ipi. Kuna watu wazima na akili zao wamebonyeza isiyo yenyewe, wakafuta kazi ya miaka. Hii ikiwa haijaunganishwa, hata nikisinzia siwezi kuigusa."

Fundi akamshikia waya hizo pembeni. Miezi miwili kila mtu alikuwa akimwambia kwamba vile ni vitu vya zamani tu. Huyu, kabla ya kugusa chochote, alianza kwa kuvilinda.

Diski mpya ilikataa kukaa. Ilikuwa nyembamba kuliko nafasi yake, ikawa inacheza, na skrubu hazikufika. Mwalimu alijikuna kichwa. Fundi akasema, "Hapo sasa umefika kwenye kazi yangu." Alipima upana kwa jicho, akakata vipande viwili vya soli ya mpira, akavinyoa pembeni, akatoboa matundu kwa msumari wake wa kutobolea ngozi. Diski ikaingia, ikatulia tuli kama mguu ndani ya kiatu cha saizi yake. Mwalimu aliitikisa, haikusogea hata chembe.

"Baba, chuoni hatujawahi kuwa na fundi wa namna hii."

Wakawasha. Skrini ikaandika kwamba hakuna diski yoyote iliyoonekana. Fundi akakaa. Mwalimu alizima, akaingiza vidole ndani, akasukuma waya wa umeme wa diski mpaka ukalia "ka!" Ulikuwa umeingia nusu tu. Walipowasha tena, diski ilijitokeza, peke yake kwenye orodha. Mwalimu akaichagua, akabonyeza, mstari wa kijani ukaanza kutambaa kutoka kushoto kwenda kulia.

Ulitambaa kwa muda mrefu. Dada fundi cherehani wa chumba cha jirani alipita na chai, akachungulia. "Sasa mnaangalia nini hapo, mbona ni mstari?"

"Unatembea," fundi alimjibu.

"Kwa mwendo huo nao unahitaji viatu vyako." Akaondoka akicheka.

Mstari ulipofika mwisho, Mwalimu alizima, akairudishia diski ya zamani waya zake, akawasha. Kompyuta iliamka haraka kuliko ilivyowahi kuamka, na picha mpya ikajaa skrini. Lakini programu ya vipimo haikuwepo. Fundi alitafuta kwa macho kila kona, uso ukambadilika.

"Mwanangu, imekwenda."

"Haijaenda, baba, ipo. Tuko kwenye diski mpya tu. Sasa nitazima, niwashe tena, na ukiona maandishi ya kwanza bonyeza kitufe hiki cha juu. Wewe mwenyewe, siyo mimi."

Alibonyeza. Ikaja orodha fupi: diski mbili, moja chini ya nyingine. Aliteremsha mshale kwenye ile ya zamani, akapiga kitufe kikubwa. Picha ya zamani ikarudi, polepole kama kawaida yake, na ikoni ya programu ikiwa mahali pake pale pale. Fundi alishusha pumzi iliyokuwa imekwama tangu asubuhi.

"Fungua ya mtu yeyote tuhakikishe," Mwalimu alisema.

Fundi aliandika jina la Mwalimu mwenyewe. Yakatokea maandishi ya mwanzo kabisa, ya umri wa miaka saba, vipimo vidogo kama vya mwanasesere. Na chini yake, kwenye Mengineyo: "Analia akivua soksi. Wenzake shuleni wanamtania. Fundi aufiche mwinuko ndani, viatu vifanane kwa nje, mtu asijue ni upi. Nimemwahidi."

Mwalimu alisoma mara mbili. Akavuta kigoda, akakaa.

"Nakumbuka siku nilipovivaa," alisema. "Nilisimama mstarini asubuhi, hakuna aliyenitazama miguu. Siku zote nilidhani wewe ndiye uliyeamua."

"Mimi?" Fundi alitikisa kichwa. "Mimi nilinung'unika siku tatu. Kuuficha ndani ni kazi mara mbili. Nikamwambia mtoto huyu atavimaliza kwa miezi sita, ya nini? Akaniambia, 'Wewe tengeneza.' Basi nikatengeneza."

Wakatazamana, wakacheka, na Mwalimu akajifuta macho kwa upindo wa mtandio wake.

"Mwanangu, sina neno linalotosha," fundi alisema. "Umenirudishia kazi, na hukuninyang'anya mke wangu. Asante. Mungu akuzidishie."

"Baba, mimi nimesimama kwenye viatu vyenu miaka yote hii. Niache na mimi nishukuru."

Wakazima, wakaingia upande mpya. Tovuti ya hospitali ilifunguka bila kusita. Mwalimu alimwonesha pa kuandika namba yake ya siri, na orodha ikateremka: oda kumi na moja, zote zikisubiri jibu, saba kati yake za watoto. Fundi alizipokea moja moja kwa kidole kimoja, akisoma kila jina kwa sauti kana kwamba wenyewe wako mlangoni. Ilipofika alasiri, simu yake iliita. Alikuwa yule mama wa mazoezi ya viungo.

"Fundi! Naona jina lako huku. Umewezaje?"

"Nimebebwa, mama. Na wewe ni mmojawapo wa walionibeba. Zile Jumatatu sijazisahau."

Kazi kumi na moja zilimchukua wiki sita. Karakana ilinuka gundi mpaka dada wa cherehani akalalamika, akafungua madirisha yake yote. Vipimo vipya aliviingiza mwenyewe kwenye programu ya shemeji yake, kwa herufi zilizorukana. Jozi ya mwisho ilikuwa ya binti wa miaka mitano, na fundi aliipeleka hospitali kwa mkono wake. Alipiga magoti kwenye korido, akamfungia gidamu za viatu. Binti alisimama, akatazama chini, akapiga hatua tatu, kisha akakimbia hadi mwisho wa korido, mama yake nyuma akimwita apunguze mwendo.