Ufunguo wa Morris Ulivyobaki Msumarini

Nianze kwa kusahihisha jambo moja. Siku ya harusi yake, binti yangu Nirmani alitoka nyumbani kwa bajaji. Hilo ni kweli, na nusu ya mji wetu wa Matale ilisimama barabarani ikitazama. Si kweli kwamba Morris ya marehemu baba yake ilikuwa imeuzwa. Si kweli kwamba benki ilikuwa imeikamata. Gari lilikuwepo, lipo hadi leo, na asubuhi ile lilikuwa uwanjani kwa fundi wangu, Wimalasiri Baas, nyuma ya kinu cha mpunga, limeshavishwa maua meupe. Lilibaki pale kwa sababu Baas hakukubali kulitoa.

Wanaosema sana kuhusu siku ile hawamjui Baas, kwa hiyo nitamweleza.

Ni mtu mfupi, amepita sitini, mikono yake ina weusi ambao sabuni ilishakata tamaa nao. Hana kibao mlangoni. Ana mabati manne, ardhi iliyolowa oili, na benchi la darasani ambalo sijui alilitoa shule gani, nami kama mwalimu mstaafu nimeona heri nisiulize. Ukutani ana picha ya Buddha, na chini yake msumari. Ukifika, unampa ufunguo naye anautundika. Siku akikurudishia ufunguo kwa mkono wake, gari limepona. Kabla ya hapo unaweza kulia, kutisha, kumtaja mjomba wako aliye polisi. Ufunguo utabaki pale pale. Nimemwona mwenye basi akimbembeleza siku mbili kama mchumba.

Nilimpata kwa kuchoka. Mume wangu alipokuwa hai gari lilikuwa kazi yake. Alipofariki nilikwenda gereji ya vigae vyeupe iliyo barabara kuu, kwa sababu ilikuwa safi na wafanyakazi wake walivaa sare. Makosa ya mtu aliyesoma: nilidhani usafi wa sakafu unasema kitu kuhusu mikono. Mara ya kwanza waliniambia gia boksi imekufa. Mara ya pili, gia boksi ikiwa "mpya", ugonjwa ukahamia kwenye dinamo. Mara ya tatu kijana mwenye tai alinionyesha oili kwenye kijiti.

"Mama, hii oili imeisha muda. Ina kemikali ndani yake. Ni vigumu kukueleza."

"Jaribu," nikamwambia. "Nimefundisha kemia miaka thelathini na moja."

Alitabasamu, akaniletea chai.

Nilirudi nyumbani na gari linalokohoa zaidi ya nilivyolipeleka. Jirani yangu, mama muuza maua, ndiye aliyenielekeza nyuma ya kinu. Baas hakunikaribisha. Alisimika ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, akaweka sikio kwenye mpini, akafumba macho.

"Nani alifungua hapa?" akauliza.

"Gereji ya barabara kuu. Wana vyeti ukutani."

"Basi vyeti vingeshika spana, Mwalimu. Hii gia boksi ni yako ileile, imepakwa rangi tu. Dinamo ndiyo si yako. Yako ilikuwa nzima, sasa hivi inamwendesha mtu mwingine."

Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tano. Baas haruhusu uache gari uende sokoni. Ukiondoka, na yeye anaacha kazi anakwenda kutafuna tambuu. "Mgonjwa wako, kaa naye," ndivyo asemavyo. Akimaliza anaifunga spea ya zamani kwenye gazeti na kukulazimisha uibebe nyumbani. Nina kabati zima la vyuma vichakavu, na kila kimoja kwa kweli kimechakaa. Kwa miaka sita sikupata sababu ya kwenda kwingine.

Sasa harusi. Mnajimu alitupa saa ya bibi harusi kuvuka geti: saa mbili na dakika arobaini na mbili asubuhi, uso ukielekea mashariki. Nirmani alikuwa na ombi moja tu, aondoke kwa gari la baba yake. Kutoka kwetu hadi ukumbini ni maili nne, na karibu zote ni mteremko.

Shemeji yangu Lionel, kaka wa marehemu, alijitwika usimamizi. Bila kuniuliza aliipeleka Morris gereji ya vigae ikang'arishwe.

"Shemeji Lionel, fundi tunaye," nilimwambia niliposikia.

"Yule wa kwenye matope? Ndugu za bwana harusi wanione mimi nimekaa kwenye benchi la watoto? Halafu hawa wametuongezea matengenezo ya breki bure kabisa."

Bure. Neno hilo lingenitosha kulala macho wazi, lakini nilikuwa na wageni mia mbili wa kuwafikiria.

Mchana wa kuamkia harusi gari lilirudi likimeta. Wapwa zangu walilivisha maua. Niliingia kulisogeza kivulini, nikakanyaga breki, na mguu wangu ukazama kama nimekanyaga wali wa maziwa. Sikusema na mtu. Niliweka gia ya kwanza, nikaenda hadi nyuma ya kinu mwendo wa ng'ombe, maua yakipepea, watu wakinipungia mkono.

Baas alichukua ufunguo, akautundika, akaingia chini ya gari. Baada ya muda mrefu akaniita.

"Njoo uone, Mwalimu. Inama, sari itafuliwa."

Nikainama. Bomba jembamba la breki la gurudumu la nyuma lilikuwa limepigwa nyundo likawa bapa, kisha likakunjwa kama kona ya barua.

"Gurudumu hili lilikuwa linavujisha mafuta ya breki," alisema. "Kazi ilikuwa kubadili raba ndani ya silinda. Wao wamelinyonga bomba. Halivuji tena. Wala halishiki. Na raba za upande wa pili wameziosha kwa petroli zimevimba. Wewe wa kemia unajua."

Nilijua.

"Raba zipo?"

"Matale nzima hakuna. Nimeshampigia mtu wangu Colombo, atazitia kwenye basi la asubuhi. Zitafika saa sita mchana."

"Saa yetu ni saa mbili na dakika arobaini na mbili."

"Basi gari si la saa hiyo," alisema Baas, akarudi chini.

Siku ya harusi saa moja asubuhi nilirudi na Lionel. Alikuwa amevaa suti ya krimu, anatembea kwa ncha za viatu kukwepa oili.

"Leta ufunguo, mzee," alisema.

"Gari halijapona, bwana mahaththaya."

"Ni maili nne tu! Tutakwenda polepole."

"Mteremko haujui polepole."

"Sikiliza. Si lazima lifike ukumbini. Livuke geti tu kwa saa yake, likate mita ishirini, lisimame. Bibi harusi ahamie gari lingine. Saa imetimia, kila mtu ameridhika."

Baas alimtazama kwanza viatu, kisha uso. "Geti lenu liko kichwani mwa mlima. Kuondoka, litaondoka kwa saa. Kusimama je? Hiyo saa mlimwuliza mnajimu gani?"

Wakoboa mpunga wa kinuni waliokuja kuchungulia wakacheka. Lionel akawa mwekundu hadi masikioni.

"Unajua unazungumza na ukoo gani?"

"Najua. Ndiyo maana sitaki kuupunguza."

"Shemeji, mwambie huyu! Gari ni lako. Bibi harusi wa nyumba yetu atoke na teksi kama aliyefukuzwa? Watu watasema nini?"

Hapo Baas alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliusogelea msumari, asiuguse ufunguo, akanionyesha kwa kiganja.

"Gari ni lako kweli, Mwalimu. Mimi mkononi sikupi. Ukiutaka, utoe mwenyewe."

Niseme ukweli kama ninavyoudai kwa wengine. Niliunyanyua mkono. Kichwani niliwaona ndugu za bwana harusi wamejipanga, nikalisikia jina la mume wangu midomoni mwao. Niliona pia lile bomba lililokunjwa. Nimewasahihishia watoto wa watu makosa miaka yote hiyo, na sikumbuki hata siku moja nilipompa mtu alama kwa sababu jibu lake lilikuwa limevaa vizuri. Nikaushusha mkono, nikaitazama bajaji ya Baas iliyosimama kando ya benchi.

"Baas, bajaji yako breki zake zikoje?"

"Nilizifunga mwenyewe Jumapili."

"Shemeji!" Lionel alipaza sauti. "Bajaji?"

"Umenisikia."

Baas alinawa, akabadili saruni akavaa nyeupe, akaja nyumbani kwetu akiendesha mwenyewe. Sikuwa nimempa kadi ya mwaliko. Hilo ndilo pekee ninaloweza kulaumiwa siku ile, na ajabu ni kwamba hakuna anayenilaumu kwalo.

Nirmani aliisikiliza habari yote akiwa na vito kichwani. Machozi yalimtoka, nikadhani ni ya hasira. Kisha akauliza, "Amma, wameyakunja mabomba ya gari la Thaththa?" Nikasema ndiyo. Akatoka hadi mlangoni na fungu lililobaki la majani ya tambuu, yale ambayo bibi harusi huwapa wakubwa wake kwa heshima, akampigia magoti Baas kama alivyonipigia mimi na walimu wake, akampa. Baas alipokea kwa mikono miwili, hajui aangalie wapi. Wale wa barabarani, ambao kila mmoja anajua tambuu hutolewa vipi na kwa nani, wakaenda kusimulia kwamba binti yangu alimlilia fundi wa magari amrudishie ufunguo. Sijui nichoke na nini kwanza, macho yao au ndimi zao.

Saa mbili na dakika arobaini na mbili bajaji ilivuka geti, uso mashariki. Sketi ya bibi harusi ilijaa hadi mabegani kwa mpwa wangu mdogo aliyemsindikiza. Mteremko wote Baas alishuka akishika breki, nami nikimfuata kwa gari la jirani nikihesabu taa zake nyekundu zikiwaka. Kwenye kona ya tangi la maji lori lilikuwa limesimama katikati ya njia, linashusha matofali. Bajaji ilisimama hatua kumi nyuma yake, kimya. Niliitazama ile nafasi ya hatua kumi. Kisha lori likasogea, tukaendelea, na binti yangu akaolewa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lionel aliniambia nini jioni ile, nami nilimjibu nini, na kwa nini tangu siku ile hali chakula kwangu, hayo ni ya nyumba yetu. Mtu asije kuniuliza. Sitasema.