Bushi Hukazwa Gari Likiwa Chini

Saa tatu asubuhi, miguu miwili inachungulia chini ya teksi nyeupe iliyoegeshwa uani. Kandambili moja imechomoka. Mwenye miguu hiyo, dereva wa miaka arobaini na tisa, anaguna, anavuta spana, anaguna tena. Nati haitaki.

"Mke wangu, toka upumzike kidogo," anasema mumewe, aliyechuchumaa kando na tochi.

"Nikitoka sirudi. Mulika huku! Huko unamulikia nani?"

Mtaani wanamwita Mama Spana. Amebeba abiria miaka kumi na saba, na kwa miaka sita sasa anatengeneza gari mwenyewe, maana kubadilishiwa bushi na boljointi, viungo vya magurudumu ya mbele, humla kipato cha siku tisa.

"Mafundi hawana ubaya," anasema. "Mwenye ubaya ni mfuko wangu."

Safari hii anairudia kazi yake mwenyewe. Mwezi uliopita alifungua mikono ya chini, ile inayoshikilia magurudumu ya mbele, akang'oa bushi zilizochakaa, ile mipira ya kwenye maungio, akatia mpya, kisha akakaza kila bolti magurudumu yakiwa bado yananing'inia. Kwa macho, kazi ilipendeza. Gari liliposhuka, mpira wa bushi ukajisokota, na kila shimo la barabarani likazidi kuusokota.

Siku ishirini tu, ukachanika. Mlio wa bushi mbovu ukarudi: ko, ko, ko.

Wakaguzi wa magari wakamnyima cheti, wakampa wiki mbili. Zinaisha kesho. Akishindwa tena, leseni ya kubeba abiria inasimamishwa, na nyumba nzima inakula kwa usukani ule.

"Bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Nilikuwa najua," anasema, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Siku ile nilikuwa hoi. Uchovu ndio uliokaza zile bolti, si mimi."

Leo ametia bushi nyingine, akashusha gari juu ya mapande mapana ya mbao, magurudumu yakakanyaga sawasawa, ndipo akajipenyeza chini kukaza. Mama mkwe wake, anayechambua mboga kibarazani, haelewi.

"Mwanangu, gari si limeshashushwa? Unatafuta nini tena huko?"

"Usingizi, mama."

"Basi funika miguu. Nzi hawana adabu."

Saa sita anatoka. Mgongo unakataa kunyooka. Ananawa mara mbili, weusi haubanduki kwenye kucha. Kisha anaendesha hadi mwisho wa mtaa, anapanda matuta matatu, mumewe pembeni ametega sikio.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia unapumua."

Hacheki. Anazima gari, anaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Kesho wakinipa cheti, sipakii mtu," anasema. "Naegesha kivulini, nahamia kiti cha nyuma, nalala. Siku moja tu, na mimi niwe abiria."