Jogoo wa Posa Alivyoteremka Kilima

Mjukuu wangu, siku ya posa yangu naikumbuka hadi harufu yake. Nilikuwa binti, naishi na mama yangu Masasi, kwenye mtaa uliopanda kilima, ambako ukipita asubuhi unajua kila nyumba inapika nini: huku kisamvu cha karanga, kule mbaazi, mbele kidogo samaki wakavu wa pwani. Wageni walikuwa njiani kutoka Chilangala. Mama alikuwa amempika jogoo wetu wa pekee kwa shangazi, huko chini, kwa sababu jiko letu lilikuwa limebomoka kwa mvua. Nikatumwa kuileta sufuria.

Njia zetu ni changarawe tupu, unazijua. Nilikuwa natazama juu kuona kama wageni wamefika. Mguu ukateleza. Sufuria ikashuka kilima, jogoo akaifuata kana kwamba bado yu hai, na mbwa wa mtaa wakaila posa yangu kabla ya wakwe.

Mama hakunigombeza. Alikaa chini, akasema kwa sauti ndogo, "Neema, funga mlango. Wakija waambie naumwa."

Nikalia. Nilimpenda yule kijana, na wazee wakirudishwa na njaa yao ni nadra waje tena.

Jirani yetu wa juu, Bibi Mwanahawa, alikuwa ameona yote. Akaingia bila hodi.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nafuta machozi.

"Marahaba." Akamgeukia mama. "Mama Neema, mficha uchi hazai. Krismasi nakula kwako, Idi unakula kwangu. Leo nimekuwa mgeni?"

"Naona aibu, bibi. Nitaanzia mlango upi?"

"Umeshaanzia wangu."

Akatoka, akaita nyumba kwa nyumba. Haukupita muda, kina mama wakawa wanateremka na mabakuli: wali wa nazi, kisamvu, mbaazi, hata ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini. Wageni wakala mpaka wakalegeza mikanda. Kisha baba wa kijana akauliza, "Nani amepika?"

Mama akajibu, "Kuku wetu alimwagika njiani, mzee. Hiki ni chakula cha majirani."

Nikajua yameisha. Mzee akacheka hadi akakohoa. "Basi tumefika kwa watu," akasema. "Binti aliyelelewa na kilima kizima, tutampata wapi mwingine?" Mahari ikapangwa mchana uleule, mzee bado anamenya ming'oko. Ndivyo nilivyoolewa na babu yenu.

Siku hizi mnajenga kuta ndefu, mnapika kwa gesi, na mlango mnaufunga. Gesi si mbaya, hata mimi ninayo. Lakini, mjukuu wangu, hodi isikushinde. Ukipika, jirani aonje. Ukikosa, jirani ajue. Anayekuletea bakuli hatafuti shukrani nyingi, anataka kesho naye aweze kubisha kwako bila aibu.

Mungu akujalie mtaa wenye watu, riziki isiyokatika, na mkono mwepesi wa kugawa. Amina.