Pamba ya Mlangoni

Mwaka ule maduka ya Dodoma yalikuwa yameanza kujaa vitu. Mama mwenye nyumba, niliyekuwa nikimfanyia kazi za ndani pale Makole, alinunua mapambo ya Krismasi ya kigeni: mikanda ya karatasi inayong'aa, maputo, na furushi la pamba. Zamani mlangoni walikuwa wakifunga matawi ya mvinje tu, basi. Lakini sasa jirani alikuwa ametundika taa za rangi, zinawaka na kuzima.

"Sisi tutaonekana tumehamia jana," alisema mama mwenye nyumba. "Leo nataka mtu akipita hapa asimame."

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, msichana nisiyejua kusema mbele za watu. Nilikuwa juu ya stuli nikigongomea matawi, kaka yangu mkubwa alipoingia kutoka Zuzu. Alikuja kwa miguu akifuata reli. Vumbi lilimfika magotini.

Mama yetu alikuwa amefariki alfajiri ile. Kaka alijua, mimi sikujua. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, ili afike nyumbani akiwa bado na nguvu za kutembea. Walikuwa wananingoja nimwone mama mara ya mwisho, na joto la Desemba halingoji.

"Shikamoo, mama," kaka alimwamkia mama mwenye nyumba. "Naomba tuzungumze pembeni kidogo."

"Marahaba. Sema hapa hapa, kijana, keki yangu inaungua."

Kaka alinitazama. Kofia aliishika kwa mikono miwili.

"Mama yetu anaumwa. Nimekuja kumchukua mdogo wangu."

"Poleni jamani. Ataenda. Ila amalize mlango kwanza, wageni wangu wanaingia leo."

Neno moja tu lingetosha, tungeruhusiwa papo hapo. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Lakini neno lenyewe halikuweza kutamkwa mbele yangu.

Basi kaka akanisaidia. Alinipa misumari, mmoja mmoja, na mimi nikafurahi. Hakuwahi kuniona nikifanya kazi mjini, nikataka aone ninavyojua. Nilifunga mkanda, nikaufungua, nikaufunga upya.

"Mlango umevaa kuliko bibi harusi," alisema. "Sasa twende, mdogo wangu."

"Bado pamba."

"Pamba ya nini?"

"Theluji. Mama mwenye nyumba anasema Ulaya Krismasi inaanguka nyeupe hivi."

Nilimnyooshea furushi anichambulie. Hakulipokea. Asubuhi ile nyumbani walihitaji pamba ya kuutengenezea mwili wa mama kabla ya kuzikwa, na yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuiomba zahanati.

"Pamba haiwekwi mlangoni kwa watu," alisema kwa sauti ndogo.

Nikacheka. "Kaka nawe! Hapa ni mjini."

Alikaa kwenye ngazi, akanigeuzia mgongo mpaka nilipomaliza kubandika.

Mama mwenye nyumba alitoka, akapiga makofi. Akafunga sukari na machungwa kwenye gazeti, akampa kaka.

"Mpelekee mgonjwa. Mwambie namsalimu sana."

"Ahsante, mama," alisema kaka. "Atafurahi."

Njiani alitangulia, mwendo wa haraka, hakugeuka. Wingu lilikuwa limefunga upande wa nyumbani. Mimi nisiye msemaji nilisema njia nzima: jinsi jirani atakavyoona wivu, jinsi nitakavyompambia mama mlango wetu akipata nafuu. Kaka alikuwa akiitikia "ehe", "ehe", bila kunitazama.

Tulipokaribia, niliona wanaume wanarudi na majembe begani. Nikafahamu kabla sijaambiwa. Nilikimbia. Udongo ulikuwa umeshainuliwa juu ya kaburi, mbichi, na matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yakiutoboa. Wazee walikuwa wameogopa shimo lisijae maji.

Baba alikuwa amesimama hapo peke yake. Hakunitazama mimi. Alimtazama kaka.

"Tumewangoja mpaka tumeshindwa. Mlikuwa wapi?"

"Ni mimi, baba," alisema kaka. "Nilichoka, nikapumzika njiani."

"Siku ya kumzika mama yako, wewe unapumzika?"

Kaka aliinamisha kichwa. Nikafungua mdomo niseme habari ya mlango. Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu, hakuuachia mpaka nikanyamaza.