Kioo cha Katikati

Gari letu dogo lilipokaribia kilomita elfu moja, wakala aliyetuuzia kule Mbeya alipiga simu: tulipeleke sevisi ya kwanza wiki hiyo hiyo, tukichelewa waranti inakufa. Nyumbani kwetu Lufingo dereva ni mimi peke yangu. Mume wangu ni mwalimu mzuri, ila yeye na usukani ni paka na panya.

Safari yenyewe haikunitisha. Kilichonitisha ni baba mkwe, aliyemtuma mama mkwe aje aseme kwamba naye anakwenda. Akipeleka ng'ombe joshoni kuogeshwa dawa ya kupe, husimama hapo mwenyewe mpaka atoke wa mwisho. Sasa gari ambalo aliuza fahali wake kutuchangia, aliache liende bila msimamizi?

Kwetu Wanyakyusa mke hakutani macho na baba mkwe. Akitokea njiani, wewe unaingia migombani; neno lake unaletewa na mwingine. Siku hizi wengi wameacha, na mchungaji ametuambia tusiogope, lakini mzee wangu hajaacha, nami kwa miaka kumi na moja sikutaka kuwa wa kwanza kumvunjia heshima. Leo nimpakie ndani ya gari lenye ukubwa wa kabati! Nilijua nikikosea siku hiyo, hatapanda tena gari lake mwenyewe.

Basi nikakigeuza kioo cha katikati kikatazama dari, nikabaki na vioo vya pembeni. Akaingia nyuma mimi nimeinamia usukani, yeye kofia ameishusha mpaka puani. Mume wangu akakaa mbele, mkalimani.

“Mwambie mwenzio apunguze mwendo, kuna kona.”

“Anasema upunguze.”

“Mwambie baba nimesikia.” Ningeachaje kusikia? Magoti yake yalikuwa mgongoni mwangu.

Mbeya mambo yalikwenda vizuri. Walibadilisha oili na filta, wakakagua breki, wakagonga muhuri kwenye kijitabu. Mimi nilisubiri ofisini. Mzee alisimama mlangoni mwa gereji, mikono nyuma, akamhoji fundi mpaka fundi akaanza kumwita bosi. Nilimwona mgongo tu, na hata huo mgongo ulikuwa na furaha.

Kumbe fundi, kwa wema wake, alikuwa amekirudisha kioo mahali pake. Sikukitazama mpaka tulipoiacha Uyole, tukirudi nyumbani. Mume wangu alishalala, lori likapiga honi nyuma yetu, nami nikainua macho. Nikakutana na ya baba mkwe. Kofia alikuwa ameivua.

Nikanyoosha mkono nikigeuze kile kioo.

“Kiache, mama,” akasema. Hakumtuma mtu. “Fundi ameniambia hicho ni cha kuonea magari. Ukikwepa macho yangu tukagongwa na lori, heshima hiyo utampa nani?”

“Ndiyo, baba.”

Nilifurahi mpaka nikakosea gia. Gari likaguna, mume wangu akashtuka usingizini.

“Anasemaje? Nimwambie nini?”

“Wewe lala,” nikamwambia.