Harufu Ilipokatika Shimoni

Kwenye mtambo wa majitaka wa manispaa, fundi mkuu alikuwa mwanamke, na watu wote walimwita Mama Spana, hata mumewe akijisahau. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyefungua nati zenye kutu tangu usichana wake, na mdomo usiojua kunong'ona. Wazazi wake walipofariki, kazi hiyo ndiyo iliyomlea na kumsomesha mdogo wake wa kiume. Naye alipokuwa mtu mzima hakutaka kusikia habari ya kazi nyingine. Akawa mchomeleaji palepale, chini ya dada yake.

"Ukoo wetu unatangulia kunuka, halafu ndio unabisha hodi," alipenda kuwatania wageni.

Mwaka huo mkanda wa kubebea tope, ule uliolitoa kwenye mashine za kukamulia na kulimwaga kwenye tela, ulikuwa umechoka kabisa. Viraka vilizidi mkanda wenyewe. Mwishoni ukaanza kulia kilio kirefu, kama mnyama aliyenaswa, na hakuna aliyejua kilitoka kwenye rola ipi. Mkanda mpya ukaletwa, ukalazwa uani ukiwa umefungwa nailoni.

Mama Spana alifurahi, ila jambo moja lilimkaa rohoni: shimo. Ncha ya chini ya mkanda wa zamani ilizama kwenye shimo la zege, jembamba, ambamo tope la miaka mingi lilikuwa limegandamana kama lami. Kuing'oa rola ya chini, lazima mtu ashuke.

Walipima hewa; ilikuwa safi. Wakawasha feni. Mdogo wake akavaa kipima gesi kifuani, na dada mtu akamfunga mwenyewe kamba ya winchi, ya kumvutia juu.

"Dada, unanifunga kama mbuzi."

"Mbuzi hana mke wa kuja kunishika shati. Shuka."

Kazi ilikwenda vizuri. Nyundo ikagonga, nati zikaachia moja moja. Kisha rola ikacheza, gamba la tope likapasuka, na uvundo wa mayai viza ukawapiga usoni kama kofi. Mtu wa winchi, rafiki wa chanda na pete wa mchomeleaji, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Halafu akapumua.

"Afadhali, harufu imekatika."

Mama Spana akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Si tope, si grisi, si jasho lake mwenyewe. Nywele zikamsimama. Kila aliyefanya kazi pale alifundishwa siku ya kwanza: gesi ya tope ikiwa kidogo inanuka, ikizidi inaua pua kwanza. Akainama, na chini ya ngurumo ya feni akakisikia kipima gesi kikilia.

"Toka! Toka sasa hivi!"

"Nimebakiza nati moja tu, da..."

Spana ilianguka kwanza. Kisha akaanguka yeye.

Mtu wa winchi alishatia mguu kwenye ngazi. Mama Spana akamkwida ukosi akamrusha nyuma.

"Ni ndugu yako anayekufa!"

"Namjua ni nani! Rudi kwenye winchi!"

Kamba ikakaza, ikagoma. Mguu ulinasa chini ya rola. Mtu wa winchi akalia kwa sauti, akiapa atashuka, na yule mama akasimama mbele ya ngazi, mikono kaitanua.

"Legeza kidogo. Sasa vuta. Vuta!"

Alitoka bila buti moja, uso wa kijivu, akikoroma.

Kwenye korido ya hospitali wifi yake alimfuata.

"Ni kweli uliwazuia wasimfuate mume wangu?"

"Kweli. Wangeshuka, tungewalilia wote."

"Nawe ukasimama tu unamtazama?"

Mama Spana akanyoosha mkono kumshika bega. Wifi akampa mgongo.

Mdogo wake alipona, lakini mikono ilibaki ikitetemeka, na hakushika tena mashine ya kuchomelea. Akahamishiwa stoo. Siku ile yote ilimfutika kichwani. Akiulizwa, alicheka kicheko cha mtu anayesimuliwa habari za jirani. Watoto wake waliendelea kumtembelea shangazi yao. Mama yao aliwasindikiza mpaka getini, akageuka.

Shimo lilisafishwa na watu waliobeba mitungi ya hewa, na mkanda mpya ukafungwa. Unakwenda kimya mno. Mara nyingine mafundi husimama kuhakikisha kama unatembea.

Mtu wa winchi aliomba uhamisho. Siku ya kuaga alimkuta Mama Spana karakanani akifuta mikono.

"Ningekufa mle, mama."

"Najua."

"Bado naota nashuka."

Akaendelea kufuta vidole ambavyo vilishatakata zamani.

"Mimi naota umeshanipita," akasema, "na wewe umeshafika chini."