Picha Iliyotoa Mkono wa Kushoto

Fadhila wa Pangani, ile ya Kibaha, alikuwa na kazi ambayo majirani waliieleza kwa kifupi: "anatengeneza mapicha ya hewani." Hawakukosea. Katika chumba kilichokuwa cha vifaranga, aliunda kisanduku kinachoenea kwenye kikapu cha sokoni. Ukikiunganisha na kompyuta, kinaelekeza picha juu yake hewani, picha yenye mbele na nyuma, nawe unaigeuza kwa kidole bila kugusa chochote.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa kikubwa kama friji. Ili akipunguze, Fadhila aliondoa kioo kimoja kati ya viwili vilivyokuwa vikirushiana mwanga. Akajaribu kwa picha ya yai, kisha ya nazi. Zote zilitokea safi. Yai halina kulia wala kushoto, lakini siku ile hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo.

Daktari Silvanus, mpasuaji wa hospitali moja ya binafsi hapo Kibaha, alikipenda kisanduku kama mtoto apendavyo pikipiki, akachukua kimoja. Jumamosi moja mchana angekitumia mara ya kwanza kwa mgonjwa wa kweli: Mzee Magembe, mfugaji wa Janga, mwenye uvimbe kwenye figo. Figo hiyo ingetolewa. Angebaki na nyingine.

Asubuhi yake Fadhila alikuwa Kisarawe kwa mama mkwe wake, Bi Sikudhani, ambaye tangu harusi alikuwa akiuliza kwa upole mkwewe ataanza kazi lini. Fadhila alikuja na kisanduku cha pili. Kwenye kompyuta alikuwa na mkono wa kulia wa mumewe, Saburi, aliye kikazi Dodoma. Alikuwa ameupiga picha pande zote kabla hajaondoka, umenyooshwa kama wa kusalimia.

Mkono ukatokea juu ya meza.

"Mama, msalimie mwanao."

Bi Sikudhani akanyoosha wake, akausimamisha njiani.

"Simpi."

"Ni picha tu, mama. Haing'ati."

"Najua ni picha. Lakini Saburi sikumlea anipe mkono wa kushoto. Ndiyo mambo ya Dodoma hayo?"

Fadhila akacheka. Akatazama kiganja kilivyoelekea. Akaacha kucheka.

Mkono ulikuwa wa kushoto. Na figo ya Mzee Magembe ilikuwa ikionyeshwa na kisanduku chenye kioo kimoja kama hiki.

Simu ya daktari haikupokelewa. Wapasuaji huziacha nje, jambo jema siku nyingine zote. Ya hospitali ikapokelewa na dada wa mapokezi. "Daktari anajiandaa kuingia upasuaji. Jumatatu unaweza?" Simu ikakatwa.

"Mama, mtu atakufa!"

"Nani? Saburi?"

"Siyo Saburi!" Alikuwa ameshafika nje, kiatu kimoja mkononi.

Akapanda bodaboda, wakapita njia ya Kiluvya. Dereva alitaka kujua haraka ya nini. "Kuna figo," alisema Fadhila, na dereva hakuuliza tena, ila aliongeza mwendo. Huko nyuma abiria wake alikuwa akimwona Mzee Magembe anaamka, amebaki na ile mbovu, anashukuru.

Alimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Ubavuni kushoto alikuwa amechorwa msalaba wa wino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, kunauma wapi?"

Akagusa kulia. "Hapa. Niliwaambia. Wakasema mashine inaona kuliko mimi. Nikanyamaza, mimi nimesoma nini?"

Fadhila akausukuma mlango. Daktari akatoka, mikono imelowa.

"Picha inageuka, daktari. Kulia inaonyesha kushoto."

Daktari akaagiza picha za filamu za mzee, zisizopita kwenye kisanduku, akaziinua dirishani, akazitazama muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Kisha akaketi sakafuni, taratibu, kama mtu aliyekaribishwa.

Muuguzi akaufuta msalaba kwa pamba na spiriti. Daktari akainuka, akashika kalamu. Akamwinamia mzee.

"Lete hiyo," akasema Mzee Magembe.

"Mzee, hii ni kazi ya..."

"Lete, kijana. Ng'ombe wangu wote nawatia alama mwenyewe, na sijawahi kuchinja ambaye siye."

Akajichora duara kubwa ubavu wa kulia. Akalitazama, akapitisha wino tena juu yake. Kalamu hakuirudisha. Aliingizwa chumba cha upasuaji ameikamata ngumini, na hakuna aliyethubutu kumwomba.